Nyumba Moja, Kiti Kimoja

Jumamosi mchana Dobi alikuwa amesimama kaunta anabishana na mteja kuhusu kifungo. Mteja ni jamaa mmoja mnene mwenye shati la rangi ya maziwa, na alishikilia kwamba shati lilikuja na vifungo vyote na sasa cha kwenye kola hakipo. Dobi akamwambia shati lilikuja hivyo hivyo, angalia mwenyewe, tundu limechakaa, hapo pana siku nyingi hapajaona kifungo. Nyuma yake mashine kubwa ilikuwa inazungusha mashuka ya nyumba ya wageni, na mwenzake wa kazini, Mpiga Pasi, alikuwa ananyunyizia suruali maji. Dobi akafungua mdomo aongeze la pili. Sauti haikutoka.

Hakukohoa. Koo halikuwasha. Sauti haikuwepo tu, kama mtu aliyetoka kidogo. Mteja akasubiri, akaona Dobi kanyamaza, akajua ameshinda, akabeba shati lake akaondoka kifua mbele. Mpiga Pasi akauliza kwa nini kamwachia kirahisi vile. Dobi akagusa koo, akaonyesha mlango, yaani imetoka. Mpiga Pasi akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akarudi kwenye suruali yake. Jioni, Dobi anakunja shuka la mwisho, sauti ikarudi, na neno la kwanza lililomtoka likawa "kola".

Jumatatu akaja Dereva wa gari la maiti na suti zake nyeusi. Huyu ni mtu mpole, mrefu kama ngazi, na ugonjwa wake ni vitabu vya mapenzi. Watu wakiwa bado makaburini wanalia, yeye amekaa kwenye gari anasoma wengine wanavyopendana. Alikuwa mwanachama wa chama cha wasomaji kinachokutana Jumamosi kwenye duka la mume wa Dobi, ambaye ni kinyozi na anaitwa hivyo hivyo na kila mtu, mama yake mzazi pia. Dereva akaweka suti kaunta, akasema juzi Kinyozi kasifia kitabu, kakisifia kweli.

"Kwa sauti yako," akaongeza. "Imemkaa."

Dobi akauliza kitabu gani. Kile cha mjane na mizani, akasema Dereva, na mikono yote ilinyooka. Dobi akapachika kijitambaa cha namba kwenye suti, akamwambia aje Jumatano.

Chama chenyewe hakikuanzishwa na mtu. Wateja walikuwa wanasubiri zamu ya kunyolewa, wanasoma, wanabishana, mpaka wakaona heri Jumamosi baada ya chakula cha mchana wafunge mlango wakae rasmi. Utaratibu wao ni huu. Anayesifia kitabu anakilaza mapajani kimefungwa, haruhusiwi kuchungulia, anasema kilichobaki kichwani. Akimaliza, anayekitaka ananyoosha mkono, na wa kwanza ndiye anaondoka nacho. Mkono usiponyooka hata mmoja, mwenye kitabu anarudi nacho nyumbani amekibana kwapani, kama posa iliyokataliwa. Majina ya vitabu hawayashiki. Wanasema kile cha mjane na mizani, kile cha daktari mwongo, na wote wanaelewana. Mwenyekiti wao ni Mfamasia. Walimchagua kwa sababu anaweza kusoma mwandiko wa madaktari, wakaona basi hakuna kitabu kitakachomshinda.

Na kuna kanuni: nyumba moja, kiti kimoja. Ilikuja kwa sababu ya uhaba. Duka lilikuwa na viti vya kunyolea na benchi, basi, na benchi linalaza vitabu. Dobi aliomba kuingia tangu mwanzo kabisa. Mfamasia akamwita shemeji, akamweleza kwa upole kwamba nyumba yake tayari ina kiti, kile cha dirishani, na kinakaliwa na mumewe, ambaye pia ndiye mwenye duka. Baadaye wakanunua viti vya plastiki. Vingine havijawahi kukaliwa, vimepangwa nyuma ya mlango kimoja juu ya kingine. Kanuni ikabaki pale pale, maana ilikuwa imeshakuwa kanuni.

Sasa, Kinyozi na vitabu ni mashariki na magharibi. Mdomo anao. Ataongea mpira, ataongea wakwe, ataongea dawa ya upara, na wembe uko shingoni kwako wala huogopi. Lakini kusoma, hapana. Kitu pekee alichowahi kukimaliza ni karatasi iliyokuja na mashine ya kunyolea, tena upande wenye picha. Msomaji wa nyumba ile alikuwa Dobi. Vitabu vyake vilitoka kwenye mashuka. Wageni wanasoma kitandani, wanapitiwa na usingizi, wanaondoka alfajiri, na kitabu kinakuja kwa dobi kimeviringishwa ndani ya shuka. Mwenye nyumba ya wageni alishasema hataki kuviona, vinamjazia mapokezi. Kwa hiyo Dobi alikuwa anasoma vitabu vipya vipya, vya mwaka huu, amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine, na kurasa zake zinanukia sabuni. Jioni wakila anamsimulia mumewe. Mumewe anapaka mikasi mafuta, anasema "enhe", na siku nyingine anasema "enhe" hata mke akiwa amenyamaza.

Zamu ya kwanza Kinyozi alisifia kwa sauti yake mwenyewe. Alisema kitabu ni kizuri, kina kurasa za kutosha na jalada gumu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Iliuma. Mtu anachekesha mtaa mzima, halafu amekaa na kitabu mapajani watu wanamwangalia kwa huruma, kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Wiki iliyofuata akamsikiliza mkewe kwelikweli, akameza kila neno, na pale mke alipovuta pumzi na yeye akapaweka alama. Jumamosi alipofungua mdomo dukani, maneno yakaja na sauti ya mwenyewe, ya mkewe.

Jumatatu hiyo jioni Dobi akamuuliza. Kinyozi hakuficha.

"Nilifungua mdomo ikaja hiyo," akasema. "Sasa ningeirudishaje na watu wameshakaa kusikiliza?"

"Ungewaambia kitabu nimesoma mimi."

"Wanajua. Sauti si wanaisikia?"

Mama yake Kinyozi, ambaye alikuwa anaishi nao, akasema kuna nyumba wanagombania mambo mabaya kuliko hayo, na akaomba chumvi.

Ikawa hivyo. Jumamosi baada ya chakula cha mchana sauti inaondoka, jioni inarudi. Ilikuwa inarudi imechoka, na mara nyingine inanuka spiriti ya kunyolea. Dobi na Mpiga Pasi wakajipanga. Akigonga ndoo kwa fimbo anataka sabuni, akigonga kwa kiganja kuna mteja. Wateja wa Jumamosi wakaanza kumsifu kwamba siku hizi hana maneno mengi. Mama mkwe alisema Jumamosi imekuwa siku nzuri, mtu anaweza hata kusikia redio.

Huko dukani mambo yalimnyookea Kinyozi. Kile cha mapacha wenye jozi moja ya viatu kiligombaniwa mpaka wakarusha sarafu. Tatizo ni kwamba Dobi alikuwa na namna yake ya kusifia. Hakukusimulia hadithi. Alikuwa anakwambia kitabu kitakufanya nini. Alisema kile cha mjane usikianze ukiwa na njaa, utamchukia yule shemeji yake bure, na shemeji mwenyewe ana sababu zake, zinakuja mbele. Alisema kile cha mapacha ukifika pale viatu vinapochanika, kifunge, nenda kazini, kaa nacho rohoni kutwa nzima ndipo urudi. Mtu akisikia hivyo mkono unanyooka wenyewe.

Watu wakaanza kupita hata katikati ya wiki. Mtu anakaa, anafungwa kitambaa shingoni, anasema nipunguzie pembeni na uniambie nisome nini. Kinyozi anamwambia. Kwa hiyo sauti ikawa inaondoka Jumanne, inaondoka Alhamisi, asubuhi, wakati wowote. Dobi yuko sokoni anauliza bei, kwisha habari yake. Anabaki ameinua nyanya juu kama anaipigia kura.

Halafu Kinyozi akaanza kuleta vitabu mwenyewe, vya wateja waliotaka vitabu vyao visifiwe. Anaviweka juu ya meza, anamwambia mkewe hiki kinatakiwa Jumamosi, jitahidi. Dobi akawa anasoma kama anavyofua. Hiki kinatoka, kile kinaingia. Kimoja hakukipenda, kilikuwa na watu wazima wanaoongea kama matangazo ya sabuni, na akasema wazi hakipendi. Kinyozi akamwomba akipende kidogo tu, mwenye kitabu ni mteja mzuri.

Alichotaka Dobi ni kitu kimoja na hakukizungusha. Akae kwenye kiti, kitabu kimelala mapajani pake, aseme mwenyewe, na mikono ikinyooka imtazame yeye. Kinyozi akamwambia angempa kiti chake kwa moyo mweupe, shida ni kwamba yeye akibaki nyumbani duka litafunguliwa na nani. Dobi akasema kufuli ile hata mtoto anaifungua. Kinyozi akasema hayo sasa ni mambo ya mwenyekiti.

Kuhusu mtoto. Walikuwa na binti mmoja, wa umri ule wa kuuliza kwa nini kila baada ya hatua. Siku moja Dobi anatoka naye shule ya awali, wamesimama kando ya barabara, binti akaona paka ng'ambo, akachomoa mkono, akakimbia. Dobi akafungua mdomo aite. Mdomo ulikuwa mtupu. Wakati huo Kinyozi alikuwa anamnyoa Mfamasia nyuma ya sikio, anamsifia kile cha daktari mwongo, na alikuwa amefika patamu. Gari likafunga breki. Lilimgusa mtoto kidogo tu, akaanguka, akachubuka goti na kiwiko, na paka akaenda zake. Mwenye gari akashuka, akamgeukia Dobi.

"Mama wewe, huna mdomo?"

Dobi akagusa koo, akaonyesha upande lilipo duka la kinyozi. Mwenye gari akatazama huko, akasema basi wangefanya utaratibu mwingine, barabara hii ni mbaya.

Jioni Kinyozi alimpakata binti yake, akampuliza goti, na alihuzunika, huwezi kusema hakuhuzunika. Macho yalimjaa maji. Akamwahidi mkewe kwamba kuanzia sasa atakuwa anasifia kwa kifupi.

Wiki hiyo hiyo kikaja kitabu ndani ya foronya. Kinene, jalada limepinda, kinahusu mpishi wa gereza ambaye hajawahi kuwaona anaowapikia. Sahani zinapita kwenye tundu la ukuta zikiwa zimejaa, zinarudi, na yeye anawajua watu kwa wanachobakiza. Dobi alikisoma mashine ikizunguka, akakisoma mashine ikiwa imesimama, na Mpiga Pasi akalazimika kumgongea ndoo yeye. Alipokimaliza alikaa na mkono juu ya jalada. Yeye naye alikuwa anawajua watu wa mji mzima kwa walichoacha mifukoni na kwenye makwapa, na hajawahi kumwambia mtu.

Kinyozi akamuuliza wiki hii kuna nini. Dobi akasema hakuna. Akamuuliza tena Ijumaa, anapiga mswaki. Dobi akasema hakuna.

Jumamosi Dobi alikuwa na sauti kutwa. Aliitumia yote. Alimshinda mteja wa soksi, akamshinda mteja wa pazia, akamweleza Mpiga Pasi anavyochoma kola za watu na jinsi ambavyo amekuwa akitaka kumwambia tangu zamani. Mpiga Pasi akasema heri ndoo.

Jumapili asubuhi mlango ukabishwa. Walikuwa Mfamasia na Dereva, wamevaa vizuri, Mfamasia ameshika pakiti ya vidonge vya koo. Walikuja kumjulia hali Kinyozi. Jana, wakasema, kafungua mdomo kitabu kipo mapajani, na hakikutoka kitu. Hata ile sauti yake ya zamani haikujua pa kupita. Wamekaa hivyo hivyo mpaka muda wa kuachana, yeye mdomo wazi, wao wanamngoja. Kinyozi alikuwa kochini na taulo shingoni. Nyumbani sauti yake ilikuwa imesharudi, lakini hakuwa na raha nayo.

Dobi akawaambia karibuni, kaeni, nisogeze chai. Mfamasia akainua kichwa.

"Ahaa," akasema. "Kumbe iko hapa."

"Iko hapa," akasema Dobi.

"Shemeji, tunakuomba umrudishie mwenzio. Jana tumekaa kama wafiwa."

Dereva, ambaye wafiwa anawajua, akasema wafiwa huwa wanaongea zaidi.

"Sauti ni yangu," akasema Dobi. "Mtoto wangu amegongwa na gari kwa sababu haikuwepo."

"Pole sana. Tulisikia, na chama kilisikitika. Na kwamba ni yako, hilo hakuna anayebisha. Lakini kwetu iliingia na Kinyozi. Ndivyo tulivyoipokea."

"Basi nipeni kiti muisikie inapotoka."

Mfamasia akataja kanuni. Dobi akauliza kanuni iliwekwa kwa nini. Mfamasia akasema viti havikutosha. Dobi akauliza vile vya nyuma ya mlango ni vya nini. Mfamasia akasema ameviona, ni vizuri, ni vya plastiki ngumu. Dereva akawa anaangalia dari, akanywa chai, akaangalia tena dari. Mama mkwe akasema kama ni kiti wachukue hicho anachokalia yeye, mradi waondoke, redio imeanza. Mwishowe Mfamasia akapata njia. Dobi atakuja Jumamosi kama mgeni. Kanuni inazungumzia wanachama, haizungumzii wageni.

"Na mgeni anasifia?" Dobi akauliza.

"Hakuna kinachomkataza."

Kinyozi kutoka kochini akasema yeye hana neno, tena atafurahi. Na alifurahi kweli, akaanza siku hiyo hiyo kumwambia mkewe nani anakaa wapi.

Dobi wiki nzima alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga anasuuza, akayapanga anaanika. Hakuyasema kwa sauti hata mara moja, asije mtu akayadaka. Jumamosi akamwachia Mpiga Pasi mashine, akavaa gauni alilolipiga pasi mwenyewe, akatia kitabu kwenye foronya yake, akaenda dukani mapema. Hapakuwa na mtu. Akakaa kwenye kiti cha dirishani, cha mumewe. Kilikuwa kizuri, kina pa kuwekea miguu.

Wakaanza kuingia. Kila aliyeingia alimsalimia, akakaa kwake. Kinyozi akaja na jagi la maji, akamkuta, akasimama pembeni yake ameshika jagi. Hakumwambia ondoka. Hakuna aliyemwambia. Mfamasia alisema tu, kwa sauti ya chini, shemeji, hapo pana mtu, halafu akaanza kufuta miwani. Kikao hakikuanza. Watu waliangalia vidole vyao. Vitabu vilikuwa vimelala kwenye benchi, vingine Dobi hajawahi kuviona, kimoja jalada lake lina mlango wa bluu na kilikuwa kinamwita kabisa. Dobi akaona kwamba wanaweza kukaa hivi mpaka giza, hawa ni watu wenye subira, na hakuna kitabu kitakachosifiwa leo. Akainuka mwenyewe. Wakamshukuru. Dereva akakimbia kumchukulia kiti cha plastiki nyuma ya mlango, akakifuta vumbi kwa tai yake nyeusi, akakiweka karibu na sinki.

Akaanza Dereva. Alisifia kitabu cha mapenzi ya kituo cha mafuta, mwanamke anajaza, mwanamume anakuja kila siku na gari ambalo tenki lake limeshajaa. Mikono ikanyooka, na wa Dobi ulikuwa mmojawapo, lakini Dada wa Benki akawahi. Huyu ni mwanachama mpya, amejiunga mwezi ule, mchangamfu, mkoba wake mkubwa kama begi la safari. Kile chenye mlango wa bluu kikasifiwa na fundi wa friji, kikachukuliwa. Halafu Mfamasia akasema leo tuna mgeni, naye ana kitabu, karibu shemeji.

Dobi akakitoa kwenye foronya, akakilaza mapajani. Akafungua mdomo.

Sauti ikatoka dirishani.

Kinyozi alikuwa anaangalia kucha zake. Hakuwa amesoma kitabu kile wala kusimuliwa, hakujua hata kina rangi gani, na mdomo wake ulikuwa unasema kwa sauti ya mkewe kwamba hiki kitabu usikisome mezani. Akauziba kwa mkono. Ikatoka kwenye vidole. Akautoa mkono, akakaa sawa, maana watu wote walikuwa wameshamgeukia na si adabu kuongea na watu umejiziba.

Dobi akafunga mdomo. Kinyozi akanyamaza katikati ya neno. Dobi akaufungua, Kinyozi akamalizia neno. Pale Dobi alikuwa na uwezo wa kuufunga moja kwa moja, akachukua kitabu chake, akaenda nyumbani. Alifikiria. Lakini kitabu kilikuwa kimeshaanzwa, watu wameshainama mbele, na mpishi yule bado yuko peke yake jikoni hajafikishwa popote. Hakuwahi katika maisha yake kukiacha kitabu kizuri katikati. Akaendelea.

"Kisome umesimama," Kinyozi akasema kwa sauti ya mkewe, "jikoni kwako, karibu na sahani chafu. Ukifika pale sahani moja inaporudi haijaguswa, usifunue ukurasa wa pili. Osha vyombo kwanza. Utajikuta unatazama walichobakiza watu wako, na utajua nani anaumwa na nani anakudanganya kwamba kashiba. Mimi nilimaliza nikaenda kuangalia mifuko ya nguo za watu nisiowajua, nikaanza kuwasalimia."

Halafu mikono yote ikanyooka, mmoja haukubaki chini, na yote ilielekea dirishani. Fundi wa friji aliinua miwili. Kinyozi akasema asanteni, kwa sauti yake mwenyewe, akatabasamu, akamtazama mkewe kule kwenye sinki, akamwonyesha dole gumba.

Mtu mmoja akauliza kama hiyo imekwenda sawa, maana kitabu kilikuwa kwenye mapaja mengine. Mfamasia akafikiri, akaeleza kwamba sauti inatokea kwenye kiti cha nyumba, na kiti cha nyumba ile ni cha dirishani, kwa hiyo utaratibu umefuatwa. Akauliza kama kuna pingamizi. Dobi akafungua mdomo.

"Lipo," akasema Kinyozi.

"La kwako halihesabiki, wewe ndiye umesifia," akasema Mfamasia. "Mwingine?" Hakukuwa na mwingine. Kitabu akakichukua yeye, alikuwa wa kwanza.

Walipomaliza wakasimama wakinyoosha migongo, wanamiminiana maji, wanampiga Kinyozi mabegani. Dereva alipita kwenye sinki kuosha glasi, akamwinamia Dobi, akasema ni sauti nzuri sana ile, angekuwa nayo yeye asingeendesha gari la maiti. Dobi akamwitikia kwa kichwa. Alikuwa anakunja foronya, tupu, kona kwa kona, anavyokunja za wateja.

Dada wa Benki akaja akavuta kiti cha plastiki, akakaa karibu naye, goti kwa goti. Hakupenda kuona mtu amekaa mwenyewe kwenye shughuli ya watu. Akamsifia gauni. Akamwambia ana bahati kuishi na mtu mwenye kichwa kama kile, nyumba haiwezi kuwa na upweke. Akamuuliza:

"Na wewe dada, huwa unasoma?"

Dobi akafungua mdomo.

"Sana," akasema Kinyozi dirishani, akiwa na jagi mkononi.

Dada wa Benki akageuka akacheka. "Wewe tunajua, Kinyozi. Nilikuwa namuuliza mkeo."

Akamrudia Dobi, akamsubiri. Alimsubiri kwa utu kabisa, bila kumharakisha, kama wanavyosubiriwa wazee kaunta. Alipoona hapatoki kitu akamshika mkono, akasema hakuna aibu hapo, kila mtu ameanza mahali, hata yeye kitabu kinene kilikuwa kinamtisha. Dawa ni kuanza na vyembamba. Akafungua mkoba, akapekua, akatoa kimoja chembamba chenye maandishi makubwa na picha ya kuku, ambacho alisema wanawe wamekipita kwa umri. Akakilaza mapajani pa Dobi.

Dobi akakitazama, akakishika kwa mikono miwili, akamshukuru.

"Asante, dada," ikasikika dirishani.

"Karibu, Kinyozi," akajibu Dada wa Benki, bila kugeuka.